Bomba la Awamu ya Pili

Mume wangu alifariki mwezi wa Novemba 1976, alfajiri, mvua za kwanza zikiwa bado hazijanyesha. Alikuwa mtunza mtambo wa umeme wa maji katika kijiji chetu, ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, na kabla hajawa mtunza mtambo alikuwa mmoja wa waliochimba mfereji wake. Mganga wa zahanati alisema ni nimonia. Aliugua siku chache tu. Jioni ya mwisho aliomba uji, nikampikia, akanywa nusu. Nusu iliyobaki niliikuta asubuhi imeganda bakulini, naye ameshaondoka.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Mtambo nitaueleza kama nilivyouona, si kama fundi angeueleza.

Mto wetu si mkubwa. Unapita taratibu kwenye majani ya uwandani, halafu ardhi inakatika na maji yanaanguka bondeni. Hapo juu ya maanguko ndipo parokia na serikali ya kijiji walipokubaliana kujenga. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya muda si mrefu, nyumba zimepangwa kwa mistari, na jirani yako alikuwa mtu ambaye mwaka juzi hukumjua. Mwenyekiti alikuwa anatafuta kazi ya kutufanya tuwe watu wa mahali pamoja. Kazi akaipata, na pamoja na kazi akapata neno: awamu. Kila mkutano ilikuwa awamu. Wanawake tulipochelewa kuleta kokoto tulisema tuko awamu ya kufunga watoto mgongoni.

Awamu ya kwanza ilikuwa banio la mawe na zege kuvuka mto, mfereji wa kupitisha maji ubavuni mwa kilima, kibwawa cha kuyatuliza maji chenye wavu wa chuma wa kuzuia majani, bomba moja la kuteremka bondeni, na mashine moja ndani ya nyumba ya bati. Kule chini maji yalitoka kwenye tundu jembamba, yakapiga gurudumu lenye vikombe ukingoni mwake pote. Gurudumu lilivuta mkanda, mkanda ukazungusha dainamo. Mchanga wa lile banio nilibeba kichwani nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, na hilo silisemi kwa kujisifu, wenzangu wengi walikuwa hivyohivyo.

Umeme ulipowaka ulifanya kazi mbili. Ulizungusha kinu cha kusagia, na uliwasha taa za zahanati, pamoja na za chumba cha kujifungulia. Wakati wa masika ulifanya zote mbili bila shida. Lakini kiangazi kikianza kukaza, mto ulileta maji kidogo kuliko mashine ilivyoyataka. Ukisaga unga mchana kutwa, jioni kibwawa kimekauka na zahanati iko gizani. Ukitunza maji kwa ajili ya taa, unga hakuna. Mwenye koki alikuwa mume wangu. Yeye ndiye aliyefungua na kufunga, kwa hiyo yeye ndiye aliyesemwa.

Nakumbuka wanawake wamekaa na vikapu vya ulezi na mahindi mbele ya kinu, na muuguzi ametuma habari kwamba kuna mzazi.

"Shemeji katufungia tena."

"Nani amejifungua?"

"Hajajifungua. Anakaribia."

"Amekuwa akikaribia tangu juzi huyo. Mwambieni akaribie haraka, ugali unamngoja."

Walicheka, na mume wangu alisimama mlangoni bila kucheka, mikono mfukoni. Siku nyingine alifungua maji ya kinu kwa sababu watu walikuwa hawajala, na muuguzi akamzalisha mwanamke kwa taa ya chemli, kisha akaja hadi nyumbani kwetu kumgombeza mbele yangu. Mume wangu hakuwa mtu wa ajabu. Aliwahi kusinzia mkanda ukaungua, tukatwanga kwa mikono mpaka mkanda mwingine ulipotoka Mbeya, na hilo hawakuacha kumtania nalo. Lakini kuchagua kati ya unga na taa kulimchosha kuliko kazi yenyewe. Aliniambia hivyo wazi. "Mtambo haunichoshi," alisema. "Kinachonichosha ni kuwaambia watu leo ni zamu ya nani kukosa."

Ndiyo maana awamu ya pili aliitaka zaidi ya mwenyekiti. Awamu ya pili ilikuwa kuinua banio ili lihifadhi maji mengi, kulaza bomba la pili nene kuliko la kwanza, na kufunga mashine ya pili karibu na ya kwanza. Mashine yenyewe ilishafika. Ilikaa ndani ya kasha la mbao kwenye ghala la parokia. Awamu ya tatu ingekuwa nguzo na nyaya kwenda shuleni na majumbani, lakini hiyo tuliiacha kwa mwenyekiti aizungumze.

Fundi wa awamu ya pili alikuwa Mnyakyusa, mtumishi wa serikali, aliyepanga chumba Majengo pale Sumbawanga mjini na kuja kwetu kwa pikipiki. Alikuwa Mkristo wa kanisa jingine na alisali peke yake Jumapili chini ya mpera wetu, akiimba kwa sauti nzuri. Yeye na mume wangu walijifanya watani. Sijui kama Wafipa na Wanyakyusa wana utani wa asili, lakini wao waliutengeneza.

"Ninyi Wafipa," fundi alisema akiangalia matuta yetu ya duara tunayofukia majani ndani yake, "mashamba yenu ni kama makaburi ya vita."

"Na wewe uliyezaliwa ndani ya mgomba," mume wangu akamjibu, "shamba ulilionea wapi?"

"Mgomba hautaki jembe kila mwaka."

"Ndiyo maana mikono yako laini. Shika koleo, tuone."

Mtaro wa bomba la pili waliuchimba kiangazi chote cha mwaka huo, kuanzia kibwawani hadi nyumba ya mashine, siku za kazi ya kijiji na siku nyingine pia. Mwishoni mwa Oktoba mabomba yote yalikuwa yamelazwa ndani ya mtaro na kuunganishwa. Ilibaki kumwaga nguzo mbili za zege za kulishikilia bomba penye mteremko mkali, kufunga valvu ya chini, na kufukia. Saruji ilichelewa. Wakati wanaingoja, mume wangu akashikwa na homa.

Sasa nieleze jambo la kwetu, ili anayesoma asishangae. Mtu akifa, jembe haliingii ardhini mpaka azikwe, isipokuwa jembe la kaburi. Akishazikwa, majembe ya kaburi huoshwa na kulazwa, na watu hawalimi mpaka msiba uondolewe. Hapo wenye msiba ndio wanaotia jembe kwanza, na wengine wanafuata. Hatukuandikiwa popote. Ni hivyo tu. Hata waliohamia kutoka vijiji vingine waliheshimu, kwa sababu kwao pia ilikuwa hivyo au karibu na hivyo.

Mume wangu hakuweza kuzikwa siku ile ile. Mama yake alikuwa kijijini Mwazye, na hakuna mtu ambaye angemfukia mtoto wa mwanamke huyo kabla yeye hajamwona. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Mkubwa wa nyumba alikuwa baba yake mdogo, tuliyeishi naye uzio mmoja. Yeye alituma vijana wawili Mwazye kumchukua mama, na wengine kwenda Kasense kumwita dada wa marehemu aliyeolewa huko. Mimi niliketi chini kwenye mkeka kando ya mume wangu, na wanawake wakanizunguka.

Kwa hiyo mengi ya siku zile sikuyaona. Niliyasikia kupitia ukuta.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, ngurumo zilianza upande wa milima ya Mbizi. Nikasikia pikipiki, kisha sauti ya fundi. Alikuja kulia kwanza, na alilia kweli. Kisha akanyamaza, kisha akaanza kuzungumza na wazee kwa sauti ya chini, na sauti ikawa inapanda kidogo kidogo.

"Wazee wangu, bomba lile ni tupu. Mvua ikiingia mtaroni, bomba tupu linaelea kama mtumbwi. Likielea, viungo vinakatika. Kazi ya mwaka mzima inakwenda mtoni."

"Lijaze maji basi, lizame," mtu mmoja akasema.

"Valvu ya chini haipo. Ukimwaga juu yanatoka chini. Naomba majembe tu, wazee. Siombi kulima. Naomba kufukia."

"Kufukia ndiko kunakotungoja," akasema baba mdogo. "Tutafukia mmoja. Baada ya hapo tutasikiliza habari ya bomba."

Mwenyekiti akajaribu kuingia kati. "Mzee, nakuelewa. Lakini mimi ni mwenyekiti wa walio hai."

"Na wewe utakufa, ndugu mwenyekiti. Siku hiyo tutatafuta wa kukulinda."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani.

Mimi ndani nilikuwa nataka mambo mawili. Nilitaka bomba lifukiwe, kwa sababu nilijua alivyolitaka. Nilitaka pia azikwe kama watu wengine wanavyozikwa, asije akasemwa kwamba siku ya kifo chake watu walikuwa kazini. Sikujua namna ya kuvipata vyote viwili. Wanawake walionizunguka walikuwa wanalijua pia jambo la bomba, maana waume zao walichimba mtaro uleule, lakini hakuna aliyetaka kulisema mbele ya maiti.

Baba mdogo akaja mlangoni, akapiga magoti nje ya kizingiti.

"Mama," akaniita, "umesikia wanachoomba."

"Nimesikia, baba."

"Wewe ndiye mke wake. Unasemaje?"

Nilimwambia kweli. "Baba, mimi nimeolewa tu. Mwenye mtoto yuko njiani. Nikiruhusu mimi, yeye akifika nitamwambia nini?"

"Umesema sawa," akajibu, akaondoka. Nikamsikia akimwambia fundi angoje. Fundi akasema mvua haingoji. Baba mdogo akasema hata mama hakungojwa na kifo, na bado tunamngoja.

Mama yake alifika mchana. Lori la parokia lilimbeba sehemu ya njia, sehemu nyingine alitembea, na miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini. Aliingia bila kusalimia mtu. Alifunua shuka, akamshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili kama unavyomshika mtoto unayetaka akutazame. Alilia kwa Kifipa, akimtaja kwa jina lake la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Tulilia naye. Alipotulia, baba mdogo aliingia na kumweleza habari ya bomba kwa maneno machache, macho yake yakitazama chini.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Mtaro alichimba yeye?"

"Yeye na wenzake."

Ngurumo zilikuwa zimekaribia, na upepo wa mvua ulianza kuingia mlangoni ukivuta vumbi. Alimfunika mwanawe kifua.

"Jembe hapana," akasema. "Jembe likigonga udongo linamgonga aliyelala. Lakini mikono nani ameikataza?"

Hayo ndiyo maneno aliyosema, na sijaongeza. Baba mdogo alitoka, akayarudia nje kama yalivyo, na nikasikia watu wakiinuka wote kwa pamoja.

Walikwenda na vitu vya nyumbani. Wanawake walikwenda na nyungo na sufuria, wanaume na vipande vya mbao na mabati, mmoja aling'oa mlango wake wa jikoni akausukumia udongo. Wengine walitumia viganja tu. Udongo uliochimbuliwa ulikuwa umelundikwa kando ya mtaro, kwa hiyo haukuhitaji kuchimbwa tena, ulihitaji kurudishwa. Pale nyumbani tulibaki mimi, mama, dada wa marehemu aliyekuwa ameshafika, na bibi mmoja asiyeona vizuri. Tulisikia mawe yakitua juu ya chuma, na sauti za watu zikiitana.

Lakini walianzia juu. Mtaro ulianzia kibwawani, karibu na nyumba, na ukateremka mbali bondeni. Fundi aliwaambia waanzie chini, penye mteremko mkali, kwa sababu huko ndiko bomba lisiloshikwa na zege lingeondoka kwanza. Alisema hivyo, watu wakamsikia, na wakaanzia juu. Hakuna aliyetaka kwenda mahali ambapo asingesikia msiba. Maiti ikiwa ndani, mtu wa kwetu hateremki bondeni akaipa nyumba kisogo. Ukimwuliza mmoja mmoja atakwambia alidhani wengine wangeteremka. Fundi mwenyewe aliteremka, pamoja na mwenyekiti na vijana wawili, wakasukuma udongo huko chini watu wanne tu.

Mvua ilinyesha kabla ya jioni. Haikuwa mvua ya kuanza taratibu. Ilitua juu ya bati la zahanati kwanza, tukaisikia, kisha ikafika kwenye paa letu la nyasi. Watu walirudi mbio, wakajibanza chini ya paa, wanawake wakaingia ndani wakiwa na udongo hadi viwikoni. Mmoja aliniambia, "Tumefika zaidi ya nusu." Alisema kwa furaha, halafu akakumbuka alipo, akainamisha kichwa.

Baadaye fundi alikuja hadi mlangoni. Alikuwa ameloa, kiatu kimoja hakipo.

"Shemeji," akasema, "juu limeshika. Chini limeondoka."

"Lote la chini?"

"Kuanzia pale penye mwamba. Nimeliona linainuka. Liliinuka polepole, kama mtu anayeamka, halafu likakatika."

Nilimwambia asante. Alikwenda kukaa na wanaume barazani, na nikamsikia analalamika, kwa sababu alikuwa na haki ya kulalamika. "Majembe kumi tu, mzee. Majembe kumi, na sasa tungekuwa tunaota moto bila mawazo."

"Angekuwa wa kwenu?" baba mdogo akamwuliza.

Fundi alikamua maji kwenye shati lake. "Angekuwa wa kwetu," akasema, "ningekuwa Tukuyu nacheza ngoma ya msiba, na ninyi mngefukia bomba mnavyotaka."

"Basi kunywa chai."

Tulimzika asubuhi iliyofuata. Kaburi liliingia maji, vijana wakayachota kwa debe, na sanduku lilipoteremshwa lilipiga sauti ya kitu kinachotua kwenye tope. Fundi alishika jembe pamoja na wengine, akafukia. Hakutania. Majembe yakapelekwa mtoni, yakaoshwa, yakalazwa nyuma ya nyumba.

Mabomba yaliyoondoka yalipatikana mbali chini, mengine yamepindika, moja limekwama mahali tunapofulia. Mabomba mapya yalichukua muda mrefu kuletwa, na kiangazi kilichofuata mashine ya kwanza iliendelea peke yake. Koki ilishikwa na mtu mwingine, naye akasemwa kama mume wangu alivyosemwa. Mwanamke mmoja wa mstari wetu alijifungua gizani mwaka huo, mtoto akafa. Sijui kama taa ingemsaidia, muuguzi alisema hajui pia. Lakini mume wa yule mwanamke aliacha kutusalimia, na mama mkwe wangu alimwelewa. Mashine ya pili ilifungwa baadaye, bomba likiwa juu la aina moja na chini la aina nyingine, na ikafanya kazi kwa miaka mingi. Awamu ya tatu haikuja. Nguzo chache zilisimamishwa, zikabaki bila nyaya.

Watu wameniuliza kama mama alikosea. Kuna walioniuliza kwa upole na kuna walioniuliza kwa ubaya. Mimi nasema alimlinda mwanawe kwa kadiri alivyojua, na aliwapa watu mikono yao, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo ya kutoa. Kama ningekuwa mimi mwenye neno, sijui ningesema nini. Mpaka leo sijui, na nimepata muda wa kutosha kufikiri.

Siku ya kuondoa msiba mvua zilikuwa zimekolea. Pombe ya ulezi ilikuwa tayari, watu walikuja, tulinyolewa nywele. Wakati wa kutia jembe ulipofika, baba mdogo alielekea shambani nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi. Mama akamwambia, "Si huko." Alichukua jembe moja kati ya yale yaliyooshwa, akanipa mimi, akatangulia njia ya kibwawani. Watu wakatufuata bila kuuliza.

Tulifika pale ambapo udongo wa mikono ulikuwa umetitia kwa mvua na mgongo wa bomba ukaonekana. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma yangu, fundi alikuwa pembeni ameshika kofia. Mama alinionyesha kwa kidole. Nilipiga jembe kwenye lundo lililobaki kando, nikavuta udongo, nikaumwaga juu ya bomba. Nikarudia. Mikono yangu ilikuwa haina nguvu, nilikuwa sijala vizuri siku zile zote, na udongo ulikuwa mzito kwa maji. Mama alinitazama kidogo, akanichukulia jembe mkononi, akaendelea yeye. Halafu wanaume wakashika majembe yao, na mwenyekiti akatuambia sisi wanawake turudi nyumbani tukawapikie.

Tulirudi. Tulipika ugali na maharage, tukawapelekea huko huko mtaroni, wakala wamesimama kwa sababu ardhi ilikuwa imeloa.